Kanda ya dhahabu: wageni tele, watalii haba

Tafuta chumba Geita mjini wakati wa Maonesho ya Teknolojia ya Madini, utatajiwa bei ambayo mwezi mmoja kabla mwenye gesti angeona haya kuitamka. Vyumba vimejaa wauza mitambo, maofisa wa benki, wenye kemikali, na wachimbaji wadogo waliokuja kukagua makarasha mapya.

Kwa hiyo anayesema kanda ya Shinyanga na Geita haina wageni hajalala huko. Dalali wa dhahabu yupo, dereva wa lori la Rwanda yupo, mkaguzi wa serikali yupo. Wanalala, wanakula, wanaondoka. Anayekosekana ni yule anayekuja kutazama, kaongozana na mke na watoto, analipia chumba kikubwa, boti, kiongozi na samaki wa watu watano. Pengo hilo lina gharama, na Kahama inaijua: mgodi wa Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021, waliokuwa wakiishi kwa kuwalaza na kuwalisha watu wa mgodi walipoteza wateja ambao hawakuwa na sababu nyingine ya kurudi.

Cha kuuza kipo, na kikubwa kuliko vyote ni Mwadui, wilayani Kishapu. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua hapo mwamba wa almasi wenye eneo la hekta 146, mmoja wa mikubwa kabisa iliyowahi kuchimbwa kibiashara duniani. Akaujengea mji wake wenye nyumba, hospitali, shule na uwanja wa ndege, katikati ya mbuga za Usukuma. Mwaka 1947 ikatoka almasi ya waridi ya karati 54.5, akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi. Ilipochongwa ikabaki karati 23.6, na kampuni ya Cartier ikaitia kwenye pambo la kifuani ambalo malkia huyo alilivaa kwa miongo mingi.

Nairobi, nyumba ya Karen Blixen, mama wa Kidenmaki ambaye shamba lake la kahawa lilimfilisi, ni makumbusho na watu hulipa kiingilio. Kama hasara ya kahawa inauzika, almasi ya waridi inashindwaje?

Jibu moja ni uzio. Mwadui bado ni mgodi unaofanya kazi, na bidhaa yake mtu anaweza kuificha chini ya ulimi. Kwa miaka mingi walinzi wamekuwa wakikabiliana na wabeshi, vijana wanaoingia bila ruhusa kusaka mawe, na mapambano hayo yamefikishwa hadi kwenye mahakama za Uingereza. Mwaka 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka ukafunika mashamba ya watu. Meneja anayebeba mizigo hiyo hawezi kulaumiwa akisita kuwafungulia geti watoto wa shule.

Lakini jibu hilo halitoshi. Petra Diamonds, iliyonunua asilimia 75 ya hisa za Mwadui mwaka 2009, ilikuwa pia na mgodi wa Cullinan karibu na Pretoria, na huko Cullinan wageni hulipa kutembezwa. Mwaka 2025 Petra iliuza sehemu yake ya Mwadui. Serikali imebaki na asilimia 37, na mwenye asilimia 37 ana sauti ya kutosha kuomba chumba kimoja cha kumbukumbu. Wala si lazima kiwe ndani ya uzio. Maganzo, mji wa madalali wa almasi, upo palepale kwenye barabara kuu ya Shinyanga na Mwanza, na mabasi hupita kutwa. Sheria nayo haisaidii sana kuzilinda nyumba za Williamson: ile ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe kilichotengenezwa kabla ya 1863. Cha mwaka 1940 husubiri waziri akitangaze, na nyumba ya bati haisubiri.

Shinyanga yenyewe ni mahali pa kulala zaidi kuliko pa kuzunguka. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ndiyo iliyoupa mji sura yake. Huko Old Shinyanga Waingereza waliweka kituo cha utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na vichaka vingi vilifyekwa kwa vita hiyo. Miti ilirudi baadaye kupitia ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho, uliofufuliwa na mradi wa HASHI kuanzia 1986. Mwalimu wa jiografia angelipa kuionyesha darasa zima. Mtalii wa kawaida, sina hakika.

Geita ina nguvu zaidi. Mgodi wa zama za ukoloni ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966 ukatoa wakia milioni 1 hivi, kiasi ambacho mgodi wa leo wa GGM hukitoa kwa miaka miwili tu. Soko la dhahabu lililofunguliwa Machi 2019 ni kivutio ambacho hakuna anayekiita hivyo. Na tangu Juni 2025 kuna Daraja la Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Foleni ya kivuko imekwisha, na waliokuwa wakiilisha foleni hiyo wametafuta pengine. Familia ya Mwanza sasa inaweza kutoka asubuhi ikala mchana Geita.

Mbele ya Geita kuna Rubondo, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, chenye tembo na twiga lakini kisicho na simba. Sokwe wake wana asili ya 17 walioletwa kutoka mabustani ya Ulaya miaka ya 1960. Mzazi mwenye watoto wadogo hapati mbuga tulivu kuliko hiyo kanda nzima.

Kikwazo ni boti. Anayeikodi peke yake kutoka Nkome hulipia mafuta yote. Familia tatu zikichanga, kila moja hulipa theluthi. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea wageni wa kigeni zaidi ya milioni 2.1, na wengi hawatakatiza Serengeti na Zanzibar waje huku. Wa kuuziwa ni mchimbaji wa Kahama aliyepata mwaka huu, na muuguzi wa Shinyanga mwenye likizo. Wenye gesti tayari wana namba zao za simu. Kuzikutanisha familia tatu, basi dogo na mwenye boti si mtaji wa benki. Ila wafanye Desemba, maana Januari hakuna mzazi wa kumuuzia safari: pesa yote ni ya ada na sare.