Mbu wa Mchana na Askari wa Mpakani

Homa zienezwazo na mbu hazisimami kwenye kizuizi wala hazionyeshi pasipoti. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 2004, chikungunya ilipozuka Lamu, katika pwani ya Kenya. Muda si mrefu ikavuka bahari hadi Komoro, na katika miaka ya 2005 na 2006 ikawapata zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa kisiwa cha Réunion. Jina lake lilitoka kwa Wamakonde, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, kwa jinsi wagonjwa walivyojikunja kwa maumivu ya viungo.

Chikungunya, kidingapopo na homa ya manjano huenezwa na mbu aina ya Aedes. Tabia yake si ile ya mbu wa malaria. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, na huzaliana katika maji yaliyotuama ndani ya makopo, mapipa na matairi makuukuu. Kwa hiyo askari alalaye ndani ya chandarua usiku, kisha akashika lindo mchana mikono wazi, amejikinga nusu tu.

Homa ya manjano ina chanjo. Ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na cheti chake sasa hutambuliwa maisha yote. Mwaka 2016, ugonjwa huo ulipoenea Angola, wasafiri waliufikisha Kongo, Kenya na hata China. Dhidi ya kidingapopo na chikungunya, silaha kubwa ni mikono mirefu, dawa ya kufukuza mbu ya kujipaka, na kufunika au kumwaga maji.

Anayeshikwa na homa arudipo safarini asimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha. Apimwe, na amweleze daktari alikotoka. Aspirini aiepuke mpaka ijulikane kwamba si kidingapopo, kwa maana yaweza kuzidisha kutoka damu. Tena alale ndani ya chandarua hata mchana. Mbu akimwuma katika siku za mwanzo za ugonjwa, baadaye aweza kuvipeleka virusi kwa wenzake kambini na kwa watoto katika nyumba za askari.

Hapana shaka kwamba ukaguzi wa mapipa na matairi ya kambi, walau mara moja kila wiki, ni sehemu ya ulinzi wa mpaka.