Kutu nyeupe si kutu nyekundu

Land Rover kuukuu iliyoishi Sericho, kule Isiolo, haiozi upesi kwa sababu hewa ya huko ni kavu. Iteremshe Mombasa au Lamu, na chumvi ya bahari itaanza kuila. Bodi yake ni ya aluminiamu, lakini bampa na vyuma vya kingo ni chuma kilichochovywa katika zinki iliyoyeyushwa, kwenye joto la kama nyuzi 450.

Zinki haifuniki chuma tu. Huliwa yenyewe kwanza ili chuma kisalimike. Kwa hivyo, kabla hujashika brashi ya waya, tazama rangi. Unga mweupe maana yake zinki ingali kazini: osha kwa maji matamu na brashi laini, kausha, basi. Wekundu maana yake zinki imekwisha mahali hapo. Hapo kwangua mpaka chuma king'ae, kisha paka rangi yenye zinki nyingi. Rangi ya fedha ya kawaida hupendeza macho, lakini haina kinga hiyo. Tindikali nayo huondoa kutu, ila hula pia zinki iliyobaki.

Bampa iliyoliwa sana ni afadhali ichovywe upya kiwandani. Na kama ni ya kuchomelea, fundi aondoe zinki kwanza na afanye kazi penye upepo. Moshi ule mweupe humletea homa, baridi na kifua kubana saa chache baadaye, akadhani ni malaria.