Waya wa Nguru: Kiungo Kidogo Kinachobeba Riziki ya Nyumba

Kusi likishaondoka na kaskazi kutulia, mashua na maboti ya pwani yetu, kutoka Kiunga na Lamu hadi Shimoni na Vanga, huvuka miamba kwenda kurambaza. Kurambaza, kwa msomaji ambaye hakulelewa karibu na bahari, ni kuvua kwa kuburura mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, kwa tanga au kwa mashine, chambo kikichezacheza majini mfano wa samaki mdogo anayekimbia. Wanaofuatwa ni wale ambao mmoja wao akipatikana hesabu ya nyumba hubadilika: nguru, jodari, kolekole, tengesi, na huko nje zaidi sulisuli.

Huenda mama akauliza jambo hili limefikaje katika jarida la familia. Limefika kwa sababu fedha zinazonunua mshipi hutoka katika mfuko ule ule unaonunua unga na kulipa karo. Pengine hata hazitoki mfukoni: hutolewa na tajiri kwa mkopo, naye hujilipa kwa samaki, kwa bei anayoitaja yeye. Mshipi ukikatika, anayepotea si nguru peke yake. Ndoana huenda, waya huenda, chambo huenda, pengine na mita thelathini za nailoni juu yake, na deni hubaki pale pale lilipokuwa. Tena kazi ya kutengeneza zana hizi haifanyiki baharini. Hufanyika barazani baada ya alasiri, mbele ya watoto, na mara nyingi mikono ya mke na ya mabinti humo imo.

Mshipi mrefu haukatiki ovyo katikati. Hukatikia kwenye fundo, au karibu na mdomo wa samaki. Nguru ana meno bapa yenye makali pande zote mbili, yaliyopangika kama mkasi, na nailoni, hata iwe nene namna gani, akiibana vizuri huikata mara moja. Ndiyo maana kati ya mshipi na ndoana huwekwa kipande cha waya. Kwa jodari mambo ni mengine. Yeye meno yake ni madogo lakini macho yake ni makali, na waya unaong'aa humtia wasiwasi. Afadhali kipande cha nailoni nene isiyo na rangi. Sulisuli naye hana meno ya kutisha, ila ule mdomo wake mrefu una ukwaruzo kama msasa, nao husugua mshipi mpaka ukalika. Kwake hutakiwa nailoni ya ratili 150 au 200, urefu wa mita tatu au nne, ili akijipinda asiufikie mshipi wenyewe. Kipande hicho, kiwe cha waya au cha nailoni, hapa tutakiita kiungo. Na tunaowapikia pilau watatuwia radhi.

Tuanze na mshipi. Dukani mtu huuliza ulio mnene zaidi, akiamini kuwa unene ndio usalama. Kuna ukweli ndani yake, lakini haujakamilika. Nailoni ya kawaida yenye unene wa milimita moja hubeba takriban ratili 100, yaani kama kilo 45. Ya milimita 1.2 hukaribia ratili 150. Idadi hizo ni za uzi mkavu usio na fundo. Nailoni hunywa maji, na ikilowa hupungua nguvu, tuseme sehemu moja katika kumi. Fundo nalo hula sehemu yake: lililofungwa kwa ustadi huacha kama asilimia 80 ya nguvu, na lililofungwa kwa haraka huweza kuacha nusu tu. Kwa hiyo mshipi ulioandikwa ratili 150 ukifika majini na fundo lake huwa ni wa ratili 108 hivi, ikiwa fundi hakuharakisha.

Hapa pana siri ambayo wavuvi hodari huijua na wanunuzi wengi hawaiulizi. Usitafute zana isiyokatika, kwa kuwa haipo. Chagua mwenyewe pale itakapokatikia. Waya wa uzi mmoja wa namba 9 hubeba ratili 100 na kidogo. Wa namba 7 hubeba karibu ratili 70. Ukiuweka waya wa namba 9 mbele ya mshipi wa ratili 150, samaki mkubwa kupita kiasi ataukata waya, aende na ndoana moja na nusu mita ya chuma. Ukiuweka waya huo huo mbele ya mshipi wa ratili 80, utakaokatika ni mshipi, na utakatikia popote, labda miguuni pa mvuvi, pamoja na kila kilichofungwa mbele yake. Tofauti ya bei ya mishipi hiyo miwili ni ndogo kuliko hasara ya siku moja.

Iko pia mishipi ya kusukwa, myembamba na yenye nguvu za ajabu. Hiyo tunaishauri kwa mwenye fimbo na gurudumu la kukunjia, si kwa mwenye kuvuta kwa mikono. Haivutiki hata kidogo, na kwa wembamba wake hukata kiganja kama wembe. Nailoni ya kawaida hurefuka kidogo inapovutwa, na ule urefukaji ndio unaopokea kishindo cha kwanza samaki anapoidaka ndoana huku chombo kinakwenda. Wavuvi wengine huongeza kipande cha tyubu ya gari au baiskeli kati ya mshipi na chombo kwa kazi hiyo hiyo. Ni cha bei ndogo mno, na huokoa mengi.

Sasa kiungo cha waya. Kwa nguru hakihitaji kuwa kirefu. Nusu mita hadi mita moja yatosha. Pitisha ncha ya waya katika jicho la ndoana, uirudishe upate kitanzi kidogo, ukishike kitanzi hicho kwa koleo. Kisha zisokote nyaya mbili kwa pamoja, kila moja ikiizunguka mwenzake, kama mafungu mawili ya nywele yanavyosokotwa kichwani pa binti. Hapa ndipo wengi wanapokosea: huuacha waya mrefu umenyooka, wakauzungushia ule mfupi peke yake. Kwa macho kazi hiyo hupendeza. Ikivutwa kwa nguvu, hutelezea mbele na kitanzi kikafunguka. Nyaya zote mbili lazima zipindane, mizunguko isiyopungua mitatu na nusu, nasi tungependa mitano. Baada ya hapo ncha fupi huinuliwa wima, ikazungushwa kwenye waya mrefu mara nne au tano, kwa kubanana, kama uzi kwenye bobini ya cherehani.

Ile ncha inayobaki usiikate kwa koleo. Koleo huacha mwiba mdogo usioonekana, na mwiba huo ndio unaopasua kiganja cha mvuvi wakati anapomkamata samaki kwa waya kumpandisha. Ikunje ncha ipate umbo la mpini, kisha uizungushe taratibu. Baada ya mizunguko michache hukatika yenyewe pale pale kwenye waya, laini, bila mwiba. Pitisha kidole uhakikishe. Mama anayeshona atalifahamu jambo hili upesi kuliko mwanamume yeyote, maana anajua sindano iliyoachwa kwenye nguo hufanya nini.

Upande wa pili wa kiungo hutiwa kizungushio, kile kichuma chenye matundu mawili kinachojizungusha kila upande. Chambo kikipinduka majini siku nzima, mshipi usio na kizungushio hujipinda mpaka ukawa kama kamba iliyoingiwa na jini. Kimoja chatosha, kiwekwe kati ya mshipi na kiungo.

Kwa nailoni nene ya kiungo cha jodari na sulisuli, fundo si rafiki. Nailoni ya ratili 150 na zaidi ni ngumu, na fundo lake halikazi vyema. Hutumika virija vifupi vya aluminiamu au shaba vinavyobanwa. Kirija kiwe kinalingana na unene wa nailoni, si kikubwa wala si cha kulazimisha. Kibanwe katikati, na milimita moja au mbili za kila mwisho ziachwe wazi, kwa kuwa ukingo uliobanwa huikata nailoni. Ncha ya nailoni iyeyushwe kidogo kwa moto ipate kitufe kisichoweza kurudi nyuma. Koleo la kawaida la nyumbani hupondaponda kirija bila mpango. Lipo koleo maalumu la kazi hii, na kikundi cha wavuvi kikinunua moja kwa pamoja litawafaa miaka.

Mafundo ya mshipi kwenye kizungushio hayahitaji maneno mengi. Lilowanishe fundo kwa maji au mate kabla ya kulikaza, ulikaze polepole. Nailoni kavu ikikazwa kwa ghafla hujichoma kwa msuguano, na alama yake ni ule mkunjo mdogo kama mkia wa nguruwe unaobaki fundo likikatika. Ukiuona, ujue kosa lilifanyika nchi kavu.

Kazi ikishakwisha, ijaribuni nyumbani. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20, na kila nyumba unao. Kiungo cha waya wa namba 9 kifungwe kwenye tawi la mwembe au boriti imara, mitungi miwili ininginizwe kwa pamoja kwa dakika moja, shubiri moja tu juu ya ardhi. Kikistahimili bila kitanzi kuteleza wala kirija kusogea, kitastahimili nguru. Kikiachia, mmepoteza maji. Watoto wasisimame karibu, na ndoana itiwe kipande cha kizibo au ganda la mnazi wakati wa jaribio.

Twende kwenye mikono, jambo linalotugusa zaidi ya yote. Mshipi wa kurambaza hauzungushwi kiganjani, wala kwenye kidole cha mguu, hata kwa muda wa kuwasha mashine. Jodari wa kilo 30 akiidaka ndoana wakati chombo kinakwenda, mshipi hukaza kabla mtu hajafumba jicho, na kidole kilichomo ndani ya kitanzi hakina wa kukiokoa. Mshipi ufungwe kwenye chombo, kupitia ile tyubu, na uliobaki ulale ndani ya beseni, si sakafuni ambako huvizia miguu. Glovu za kazi, au vipande vya tyubu vilivyoshonwa kwa uzi mnene, huweza kutengenezwa na yeyote mwenye sindano. Kisu kikali kiwe mahali ambapo mkono wa kushoto na wa kulia yote hukifikia. Tumeona nyumba zinazomkumbusha baba maji ya kunywa na simu, na kisu kikasahaulika. Tunaomba kiingizwe katika orodha hiyo ya mlangoni.

Baada ya safari, mshipi husuuzwa kwa maji baridi na kukaushwa kivulini. Jua huiua nailoni taratibu, ikabaki na sura yake na kupoteza nguvu zake, kwa hiyo usiuanike juu ya makuti wala kuuacha ndani ya chombo ufuoni. Kwa sababu hiyo hiyo, ule uliokaa dirishani mwa duka tangu mwaka jana usinunuliwe hata ukipunguzwa bei. Kabla ya safari nyingine, mtu mmoja aupitishe mshipi kati ya vidole viwili, taratibu, mita ishirini za mwanzo. Kila penye mkwaruzo au doa jeupe pakatwe na fundo lifungwe upya. Watoto wenye vidole laini huifanya kazi hii vizuri mno, ndoana zikishaondolewa.

Waya ulioota kutu au uliojipinda haunyooshwi. Hutupwa, na hutupwa nchi kavu. Mabaki ya nailoni nayo yasirushwe majini, kwani hayaozi umri wa mtu, na kasa huyameza au kujinasa ndani yake. Kopo tupu la maziwa lenye kifuniko, likitundikwa nyuma ya mlango wa ua, hutosha kuyakusanya kwa msimu mzima, likiwa juu kuliko mkono wa mtoto unavyofika.