Assisi: Mji wa Mtakatifu na Dari Lililoanguka

Asubuhi ya tarehe 26 Septemba 1997, kundi dogo la watu lilikuwa limeingia katika kanisa la juu la Basilika ya Mtakatifu Fransisko, katika mji wa Assisi, Italia ya kati. Baadhi yao walikuwa watawa wa hapo, wengine mafundi na wataalamu wa majengo ya kale. Usiku wa kuamkia siku hiyo, saa 8:33, ardhi ilikuwa imetetemeka kwa nguvu, na vipande vya lipu vilikuwa vimedondoka sakafuni. Watu hao walikuwa wamekwenda kuyapima madhara. Ilipotimia saa 5:40 asubuhi ardhi ikatetemeka tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Sehemu mbili za dari, moja karibu na mlango mkuu na nyingine karibu na altare, zilifunguka na kuporomoka. Watu wanne walifariki chini ya kifusi: watawa wawili na mafundi wawili. Mpiga picha za televisheni aliyekuwamo ndani aliinasa ajali hiyo kwenye mkanda wake, na kwa sababu hiyo kuanguka kwa dari la Assisi ni miongoni mwa maanguko machache ya majengo ya kale ambayo wahandisi wameweza kuyatazama tena na tena.

Mji wa Assisi umejengwa kwenye mteremko wa Mlima Subasio, ambao kilele chake kina kimo cha mita 1,290 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyumba zake, kuta zake na makanisa yake yametokana na mlima huo huo, na ndiyo sababu mji mzima, jua linapotua, huonekana una rangi ya waridi hafifu. Jiwe hilo ni jiwe la chokaa lililoundwa chini ya bahari, kutokana na magamba ya viumbe wadogo mno waliokufa na kuzama, tabaka juu ya tabaka, kwa mamilioni ya miaka. Katika miamba ya namna hiyo hiyo, karibu na mji wa Gubbio ulio kaskazini ya Assisi, ndimo ulimopatikana ule utando mwembamba wa udongo wenye madini mengi ya iridi kuliko ilivyo kawaida. Mwaka 1980 Luis Alvarez na mwanawe Walter, pamoja na wenzao wawili, waliutumia utando huo kutoa hoja kwamba kimondo kikubwa kiliipiga dunia zama dinosauri walipotoweka, miaka milioni 66 iliyopita. Basi mawe ya kanisa la Fransisko ni ndugu wa karibu wa mawe yanayosimulia msiba mkubwa kuliko wote anaoweza mwanadamu kuufikiria.

Fransisko alizaliwa Assisi mwaka 1181 au 1182, akiwa mtoto wa mfanyabiashara wa nguo. Aliuacha utajiri wa baba yake, akaishi maisha ya ufukara, akafariki mwaka 1226. Miaka miwili baadaye Papa Gregori IX alimtangaza kuwa mtakatifu, na siku iliyofuata akaweka jiwe la msingi la basilika. Kwa mtu aliyekataa hata kuwa na akiba ya chakula cha kesho, kaburi hilo lilikuwa la fahari ya kushangaza, na mapema sana walikuwapo watawa walionung'unika. Makanisa mawili yalijengwa, moja juu ya jingine, na mwaka 1253 Papa Inosenti IV akayatabaruku. Kisha wakaitwa wachoraji hodari wa Italia kuzipamba kuta na madari. Cimabue alifanya kazi hapo kiasi cha mwaka 1280. Baada yake zikachorwa picha 28 za maisha ya Fransisko, ambazo kwa desturi husemwa kuwa ni kazi ya Giotto, ingawa wataalamu wangali wanabishana juu ya jambo hilo.

Mji unao utajiri mwingine pia. Uwanjani mwake ungali umesimama uso wa hekalu la Kirumi la mungu wa kike Minerva, ambalo sasa ni kanisa. Na upande wa pili wa mji liko kanisa la Mtakatifu Klara, mfuasi wa Fransisko. Mshairi wa Kijerumani Goethe alipopita hapo mwaka 1786 alikwenda kulitazama hekalu, akalipa kisogo kanisa la Fransisko. Hasara ilikuwa yake.

Kwa nini ardhi ya nchi hiyo hutetemeka? Milima ya Apennini, iliyo kama uti wa mgongo wa Italia, ilikunjwa na kuinuliwa zamani kwa misukumo ya magamba ya dunia. Lakini katika sehemu yake ya kati, hivi sasa, ardhi haisukumwi tena bali inavutwa pande mbili. Inapovutwa hupasuka, na upande mmoja wa ufa huteremka. Ni mwendo wa namna ile ile ulioliumba Bonde la Ufa la Afrika ya Mashariki, ila kwa kipimo kidogo zaidi. Tetemeko la asubuhi ile lilikuwa na ukubwa wa 6.0, na chanzo chake kilikuwa kilomita chache tu chini ya ardhi, katika eneo la Colfiorito, mashariki ya Assisi. Halikuwa la kwanza kuwapata watu wa huko: mwaka 1832 tetemeko jingine liliangusha dari la kanisa kubwa la Santa Maria degli Angeli, lililo bondeni chini ya mji.

Hata hivyo tetemeko lenye ukubwa wa 6.0 si katika yale makubwa sana duniani, na basilika ilikuwa imestahimili mengi kwa zaidi ya karne saba. Swali la wahandisi lilikuwa: kwa nini sasa, na kwa nini sehemu hizo tu?

Mwanafunzi anaweza kuanza kulijibu kwa kitabu cha jalada gumu. Akifungue kidogo na kukisimamisha mezani mithili ya paa, kisha akikandamize juu: miguu ya kitabu itateleza kwenda nje. Tao la mawe hufanya vivyo hivyo. Uzito wake husukuma kando, na tao husimama madamu kuta zinaweza kuupokea msukumo huo na umbo lake halibadiliki. Sasa, juu ya madari ya Assisi, katika pembe ambapo dari hukutana na ukuta, palikuwa pamerundikana kifusi cha karne nyingi: mawe madogo, mchanga na vigae vilivyovunjika, vilivyoachwa na mafundi kila paa lilipotengenezwa. Aliyeachiwa kazi ya kuiokoa basilika, Profesa Giorgio Croci wa Chuo Kikuu cha Roma, alieleza kwamba kifusi hicho ndicho kilichokuwa adui. Dari likitikisika hupinda kidogo. Lingekuwa tupu, lingerudi mahali pake. Lakini kifusi kisichoshikamana huteleza na kuijaza nafasi iliyopatikana, kama mchele unavyoshuka debe linapotikiswa, na dari haliwezi kurudi tena. Mtikisiko unaofuata hulipinda zaidi. Baada ya mizunguko kadhaa tao hupoteza umbo lake, na tao lisilo na umbo ni rundo la matofali tu. Kwa hiyo uharibifu huo ulikuwa umeandaliwa polepole na mikono ya watu wema waliodhani wanalikarabati kanisa.

Matengenezo yalianza huku ardhi ingali ikitetemeka. Kifusi kiliondolewa. Juu ya mgongo wa madari zikabandikwa mbavu nyembamba za mbao na nyuzi za aramidi, nyuzi ambazo ni nyepesi lakini ni kali kuliko chuma. Madari yakafungwa kwenye paa kwa fito zenye springi, na kuta za pembetatu zilizo chini ya paa zikaunganishwa nalo kwa vifaa vya aloi ya nikeli na titani. Aloi hiyo ina tabia ya ajabu: hunyooka sana inapovutwa, kisha hulirudia umbo lake la awali. Kwa hiyo mtetemo mdogo huukuta mshikamano mgumu, na mtetemo mkubwa hukuta kitu kinacholegea kwa kiasi. Mnamo Novemba 1999 basilika ilifunguliwa tena.

Kazi ya picha ilikuwa ndefu zaidi. Kifusi chote kilichekechwa kwa mikono, na wengi waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wa kujitolea. Kila kipande cha lipu chenye rangi kiliwekwa kando, vingine vidogo kama ukucha. Picha hizo ni za lipu mbichi: mchoraji hupaka rangi juu ya chokaa ambayo haijakauka, chokaa hufyonza hewa ya kaboni dioksaidi na kugeuka jiwe, na rangi hufungwa ndani yake. Ndiyo maana kipande kilichoanguka kutoka juu sana bado kilikuwa na rangi yake. Wataalamu walitandaza mezani picha za kamera za ukubwa halisi, wakavilinganisha vipande na picha hizo. Dari la Mtakatifu Yeronimo lilirudi mahali pake mwaka 2002, na mabaki ya Mathayo wa Cimabue mwaka 2006, yakiwa na mapengo makubwa. Pale ambapo hapakupatikana kitu, hapakuchorwa picha mpya.

Lakini Cimabue alikwisha kupata hasara nyingine kabla ya tetemeko lolote. Yeye alitumia rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa risasi, na kwa karne nyingi risasi hiyo ilishikana na oksijeni zaidi, ikawa oksaidi yenye rangi ya hudhurungi iliyokaribia weusi. Nyuso zilizopaswa kung'aa zimekuwa giza, na vivuli vimebaki vyeupe, kama filamu ya picha ambayo haijasafishwa kwenye karatasi. Cennino Cennini, aliyeandika kitabu cha mafunzo ya uchoraji yapata mwaka 1400, aliwaonya mafundi waiepuke rangi hiyo ukutani kwa kuwa hugeuka nyeusi. Kwa Cimabue onyo hilo lilichelewa zaidi ya miaka mia moja.

Tarehe 30 Oktoba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 6.5 liliupiga mji wa Norcia, kusini-mashariki ya Assisi, na basilika ya Mtakatifu Benedikto iliyokuwa huko ikabaki uso wa mbele tu. Huko Assisi, wahandisi walipanda tena juu ya madari kukagua fito na springi. Madari yalikuwa mahali pake.