Monika alizikwa ugenini



Sisi wa ughaibuni swali hili tunalijua: mtu akifia huku, azikwe wapi? Michango inapitishwa, simu zinapigwa usiku kucha, mpaka mwili ufike nyumbani. Mimi nilikutana na upande wake wa pili. Mama yangu alifariki Muheza mwaka 2019, na makaratasi yangu yalikuwa yamekaa kwenye ofisi moja hapa Uingereza miezi saba bila jibu. Ningetoka, nisingeweza kurudi. Mazishi nikayaona kwenye simu, picha inakatikakatika, nasikia tu udongo ukianguka na akina mama wakiimba. Cha ajabu sikulia. Kesho yake nikaenda kazini. Kusali ndiyo kabisa, maneno hayakuja.

Kitabu kilichonisaidia sikukitafuta kwa ajili hiyo. Ni Maungamo ya Mtakatifu Augustino, nilikuwa nacho mezani kwa kazi ya tafsiri, nikihangaika na jina lenyewe. Kwa Kilatini neno lile lina pande mbili, kukiri makosa na kumkiri Mungu kwa sifa. "Maungamo" yanampeleka msomaji moja kwa moja mbele ya padre, upande wa sifa unapotea. Mie ningependelea "kukiri", maana sisi tunakiri dhambi na tunakiri imani kwa neno hilohilo. Lakini basi, jina limeshazoeleka.

Augustino ni Mwafrika, alizaliwa mwaka 354 Thagaste, leo Souk Ahras nchini Algeria. Aliandika kitabu hiki karibu na mwaka 400, akiwa askofu wa Hippo. Kitabu kizima ni sala: yeye anazungumza na Mungu, sisi tunasikiliza pembeni. Kina sehemu 13, na wengi huanzia ya kwanza wakachoka njiani. Anzeni na ya 9, tena someni kwa sauti, polepole.

Humo ndimo anamofia mama yake, Monika. Ni mwaka 387. Augustino amebatizwa Pasaka hiyo na Askofu Ambrosi kule Milan, na sasa wako Ostia, bandari ya Roma, wakisubiri chombo cha kurudi Afrika. Monika anashikwa na homa, siku ya tisa anafariki. Sasa angalieni: mama huyu alikuwa amejiandalia kaburi kwao, kando ya mumewe Patrisio, na jambo hilo lilikuwa likimshughulisha sana. Pale Ostia akaliachilia. Mwanawe mwingine aliposema afadhali asingefia ugenini, akamtupia jicho la kumkanya. Akawaambia mwili wauzike popote, wasisumbuke nao. Alichotaka ni wamkumbuke kwenye altare ya Bwana, popote watakapokuwa. Hakurudi Thagaste. Mwaka 1430 mabaki yake yalihamishiwa Roma, na mwaka 1945 vijana waliokuwa wakichimba shimo Ostia waliibua kipande cha jiwe la kaburi lake.

Halafu inakuja sehemu iliyonishika. Augustino alijizuia kulia. Mwanawe, kijana Adeodato, alipopiga ukelele wa kilio, walimnyamazisha. Wakazika, macho makavu. Akaenda kuoga, maana alisikia kuoga kunaondoa huzuni, akatoka vilevile alivyoingia. Akalala. Alipoamka akaukumbuka wimbo wa jioni wa Ambrosi, na ndipo machozi yakaja. Anayaandika haya baada ya miaka kumi hivi, ni askofu mzima, na bado anajitetea kwa msomaji asije akamcheka kwa kumlilia mama yake kitambo kidogo tu.

Niliposoma habari ya kuoga nikaweka kitabu chini. Yeye alikwenda bafuni, mie nilikwenda kazini. Jamani, miaka zaidi ya 1,600!

Mwisho wa sehemu hiyo anawaomba wote watakaokisoma kitabu wamkumbuke Monika na Patrisio altareni. Yaani msomaji anapewa kazi. Najua wapo ndugu wasiokubali kuwaombea marehemu, na sitaki tufufue hapa mabishano ya karne ya 16. Asiyekubali anaweza kumshukuru Mungu kwa ajili yao. Mie nimelelewa katika Uanglikana wa Magila, kwetu majina ya marehemu husomwa kanisani.

Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kurudi kwenye sala. Maneno yangu sikuwa nayo, lakini mtu alikuwa ameniachia ombi lake, na hilo niliweza kulitimiza. Jumapili iliyofuata, padre aliponyamaza kwa ajili ya marehemu, nikataja Monika, nikataja Patrisio, halafu nikataja jina la Mama. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka kwa sauti tangu azikwe.