Mwenye chuma mwilini asidanganywe na kidonda kilichokauka



Mwezi huu tunazungumza na familia zenye mtu aliye na chuma mwilini. Kumbe ni nyingi. Wako waliovunjika mguu kwa ajali ya pikipiki, wakatiwa chuma ndani ya mfupa. Wako waliovuka mwaka 2017 kutoka pande za Pweto na Moba wakiwa na vyuma tayari, kwa sababu ya risasi. Na wako wazee wachache wenye kiungo kizima cha bandia, nyonga au goti la chuma na plastiki, kazi inayofanywa katika hospitali kubwa kama za Lusaka.

Jirani yetu mmoja ana chuma katika paja, karibu na goti. Siku moja pakatokea kitundu kidogo, kikatoa usaha. Akanunua vidonge vya rangi mbili sokoni. Kitundu kikakauka, naye akashukuru Mungu. Baada ya wiki chache kikafunguka tena. Akanunua vingine. Hivyo hivyo mwaka mzima. Alituambia: "Nikimeza inakauka, nikiacha inarudi. Sasa nimelogwa na nani?"

Hakulogwa. Mama yeyote anayeteka maji atalielewa jambo hili.

Angalia ndani ya bidoni ya maji ya siku nyingi. Pembeni kuna utelezi wa kijani. Mimina maji, mwaga: utelezi uko palepale. Tia klorini kidogo, bado uko. Tunafanyaje? Tunatia mchanga na vijiwe, tunatikisa kwa nguvu mpaka utoke. Na bidoni ikishindikana, tunaitupa.

Vidudu vinavyofika kwenye chuma mwilini hufanya vilevile. Vinashikamana na chuma, vinajifunika utando wa utelezi. Chuma hakina damu. Dawa inayopita katika damu huua vidudu vinavyotembea nje, lakini wale walio chini ya utando wengi wanabaki hai. Ndiyo sababu usaha unakauka halafu unarudi. Vidonge havikuwa vibaya. Vilipelekwa peke yao katika kazi isiyo yao.

Basi waganga wa mifupa wanafanya nini zaidi ya dawa?

Kwanza, kufungua na kuosha. Wanapasua, wanakata nyama iliyokufa, wanasugua chuma na kuosha kwa maji mengi safi ya chumvi. Kwenye goti au nyonga ya bandia wanabadilisha pia kile kipande cha plastiki kinachotoka. Njia hii inafaa zaidi ugonjwa ukiwa mchanga, yaani wiki tatu au nne za mwanzo. Baadaye utando umekomaa.

Pili, kutoa chuma. Kama mfupa umeshaunga, chuma kimemaliza kazi yake. Wanakitoa na nyumba ya vidudu inaondoka nacho. Kama mfupa bado, wanaweza kuushika kwa vyuma vya nje ya mguu. Kiungo cha bandia ni kigumu zaidi: mara nyingi wanakitoa, wanasubiri wiki au miezi mpaka pasafike, ndipo wanaweka kipya. Dawa inatolewa pamoja na kazi hizi, kwa siku zote alizosema daktari. Msiiache nusu.

Wataalamu wanatafuta na njia nyingine. Mwaka 1917 Félix d'Hérelle alieleza virusi vinavyokula vidudu bila kumdhuru mtu. Huko Tbilisi, Georgia, wanavitumia tangu miaka ya 1920, na madaktari wa Ufaransa wamevijaribu kwenye viungo vya bandia. Wengine wanajaribu kupasha chuma moto kwa nguvu ya sumaku ili utando uungue. Haya bado ni majaribio. Mtu akiwauzia sumaku au maji ya namna hiyo sokoni, mkatae.

Lakini ushindi mkubwa ulipatikana kwa usafi. Katika miaka ya 1960, daktari John Charnley wa Wrightington, Uingereza, aliona kwamba karibu wagonjwa 7 katika 100 aliowawekea nyonga wanapata usaha. Akasafisha hewa ya chumba cha upasuaji na kubadilisha mavazi ya wapasuaji. Wakashuka mpaka chini ya mmoja hivi katika 100, bila kuongeza dawa.

Na sisi nyumbani tuna sehemu yetu:

- Kabla ya operesheni, oga kwa sabuni. Usinyoe mahali hapo kwa wembe, maana wembe unaacha michubuko ambamo vidudu vinaingia. Shirika la Afya Duniani limeshauri hivyo tangu mwaka 2016.
- Anayegusa bandeji anawe mikono kwanza kwa sabuni. Msitie majani, majivu wala mavi ya ng'ombe, na msichanje chale juu ya chuma.
- Jipu, jino bovu au kidonda popote mwilini kitibiwe mapema. Vidudu vinaweza kusafiri kwa damu mpaka kwenye chuma, hata baada ya miaka.
- Anayevuta sigara aache. Mwenye kisukari afuate matibabu yake.
- Tunzeni karatasi ya operesheni na picha ya mifupa ndani ya plastiki. Daktari mpya atajua ni chuma gani.

Dalili ni hizi: maumivu yanayozidi au yanayorudi, joto na uvimbe, wekundu, homa, kitundu kinachotoa maji au usaha. Ukiona mojawapo, usipitie sokoni kwanza. Nenda klinika, sema waziwazi "nina chuma", uombe barua ya kwenda hospitali ya St Paul's, Kashikishi. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jirani yetu alikwenda akiwa amechelewa. Mfupa ulikuwa umeunga, wakatoa chuma na kusafisha. Leo anatembea kwa fimbo na kitundu kimefunga. Ametuomba tuandike haya kwa ajili ya wengine wanaoficha kitundu chini ya suruali. Kama yuko nyumbani kwako, msomee.

Tuonane mwezi ujao.