Kariakoo haina koo

Wajukuu, ukilisikia jina Kariakoo unaweza kudhani ndani yake mna koo, hili la kumezea ugali. Hamna. Ni maneno mawili ya Kiingereza, Carrier Corps, na hilo la pili ni janja kweli: p na s zimeandikwa lakini hazitamkwi. Ukilitazama haraka utadhani ni maiti, maana maiti kwa Kiingereza ni corpse, imezidi herufi moja tu. Kumbe ni kikosi.

Kikosi cha wapagazi. Waingereza waliiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, lakini vita viliendelea huko porini. Barabara za magari hakuna, na mbung'o wanamaliza farasi. Sasa unga, risasi na mahema abebe nani? Vikabebwa na watu, vichwani. Wengi wao walikamatwa vijijini kwa nguvu. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao, na waliouawa na kuhara, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Mjini hapa kambi yao ilikuwa pale lilipo soko. Jina walilisikia midomoni mwa maofisa, likabaki kama lilivyosikika. Nairobi nako kuna Kariokor, asili ni hiyo hiyo.

Shukeni sasa mpaka Posta, kwenye Sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927. Aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi tu. Mimi naona wamepunjwa.

Sanamu hiyo iko katikati ya kipilefti. Neno hili nalipenda! Kibao cha barabarani kiliandikwa Keep Left, yaani shika kushoto. Ilikuwa amri kwa dereva, sisi tukaifanya jina la mahali. Na kwa kuwa linaanza na ki, tukalipeleka kwenye ngeli ya kiti na viti: kipilefti kimoja, vipilefti viwili. Mwambie Mwingereza "vipilefti" uone kama atatambua mali yake.

Lakini na wao wana vituko vyao. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari yao, Astraea, iliipiga Dar es Salaam mizinga. Manowari ni man-of-war, yaani mwanamume wa vita, ilhali ni meli. Na meli, kwa Kiingereza, wamezoea kuitaja kama mwanamke. Mwanamume wa vita ambaye ni mwanamke! Hilo kamuulizeni mwalimu wenu wa Kiingereza, mimi limenishinda.